Sharti la Kutoanguka

Jumanne, 3 Machi

Mama mkwe amehamia kwetu leo. Ameletwa na shemeji yangu mkubwa, ambaye ukoo mzima unamwita Mwenyekiti, kwa sababu hata mkiwa wawili mnakunywa chai yeye hufungua kikao. Mama amefungwa bendeji mkono wa kulia na anauburuza kidogo mguu wa kushoto. Wiki iliyopita aliteleza kwenye ngazi ya jikoni kwake akikimbilia kuanua nguo kabla ya mvua. Hakuvunjika. Daktari alimwambia kwamba nyonga imenusurika, ila safari nyingine huenda isinusurike.

Mwenyekiti alisimama katikati ya sebule yetu akatoa uamuzi. Mama atakaa hapa mpaka mvua ziishe. Akimaliza msimu bila kuanguka, atarudi nyumbani kwake. Akianguka tena, hata mara moja, nyumba yake itapangishwa na yeye atabaki kwetu moja kwa moja.

"Tumeelewana, Mama?"

"Wewe ndiye Mwenyekiti. Mimi mjumbe tu."

Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka, maana tangu nioe sijawahi kucheka mbele ya Mama bila kualikwa. Tunaheshimiana kwa umbali. Akisema na mimi huutazama ukuta, nami nikimjibu hutazama viatu vyangu. Sijawahi kumshika hata mkono, na hatujawahi kugombana. Sasa tutaishi pamoja katika nyumba ambayo kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya sisi ndio tunaompa pole.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua kubwa ya kwanza. Kibanda changu kimeingia maji mpaka kwenye droo. Mimi ni fundi mizani. Karibu kila duka la mtaa huu linalopima sukari, nyama au misumari, mizani yake imepita mikononi mwangu, na mizani na maji havipatani. Nimehamishia meza ya kazi sebuleni, chini ya dirisha, mpaka mvua zipungue. Mke wangu hutoka alfajiri kwenda kiwanda cha nguo na kurudi jioni. Watoto wako shule ya bweni na Mama amepewa chumba chao, ambacho mlango wake unafungukia sebuleni. Kwa hiyo mchana tuko wawili tu, yeye ndani, mimi mezani.

Jumapili, 8 Machi

Nimeishughulikia nyumba kama ninavyoishughulikia mizani iliyokataa kurudi sifuri: naanza chini, napanda juu. Zulia dogo lililokuwa limejikunja ncha nimeliondoa. Waya wa televisheni nimeupigilia ukutani. Taa ya ujia wa kwenda bafuni, ambayo tumeishi nayo ikiwa imeungua tangu sijui lini, nimeibadilisha. Sakafu ya bafu ilikuwa laini kama sahani. Nimeikwangua na kuipaka saruji yenye mchanga ili mguu ushike. Mwisho nikafunga bomba la chuma ukutani kando ya choo, la kushikia, nikaning'inia kwa uzito wangu wote kuona kama litang'oka.

Mke wangu alinikuta nikining'inia.

"Ukimaliza mazoezi, chakula tayari."

Baadaye alimleta Mama akague. Mama alilishika bomba, akauambia ukuta, "Mwambie mkwe kazi yake ni nzuri." Nilikuwa nimesimama nyuma yao.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Mizani ya bucha, springi imekatika. Mama hakutoka chumbani mchana kutwa.

Ijumaa, 13 Machi

Kliniki ya viungo. Mtaalamu ni binti mwenye sauti ya mnadani. Alimsimamisha Mama, akamkalisha, akamsimamisha tena, kisha akatuambia kwamba mguu wa kushoto si mbovu, ila Mama hauamini tena. Tangu aanguke, mwili wote anaubebesha mguu wa kulia, na mguu usiotumika hunyauka. Alisema watu wengi wakishaanguka hukaa kitandani kwa kuogopa, na kule kukaa ndiko kunakowaandalia kuanguka kwingine. Akampa mazoezi: kuinuka kitini bila kutumia mikono, kupanda na kushuka visigino, kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Akamfundisha pia namna ya kujiinua akiwa chini, kwa kutumia kiti. Hilo lilifanyika nyuma ya pazia, nami nikalisikiliza nikiwa upande wa pili.

Maswali yalikuwa mengi. Macho? Yanaona. Kizunguzungu? Hana. Maji?

"Namaliza jagi zima," Mama alisema. Mke wangu alithibitisha, kwa sababu kila asubuhi yeye hulijaza na kila jioni hulikuta tupu.

"Mazoezi afanye kila siku, na mtu awe karibu wa kumdaka. Mchana nani yupo nyumbani?"

Mke wangu akanionyesha kwa kidevu.

"Basi baba huyu atamshika."

Mama akautazama ukuta. Mimi nikatazama viatu.

"Huyu ni mkwe wangu," Mama alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Kwani wakwe hawana mikono?"

Mke wangu alicheka mpaka tulipofika getini, peke yake.

Jumanne, 17 Machi

Zahanati imeniletea mizani mbili za kupimia watu, za kusimama juu yake. Wakati nazisawazisha nikapata wazo. Nikaziweka chini sambamba mbele ya meza nzito ya chakula, ili awe na pa kushika, na nyuma yake nikaweka kiti. Kisha nikauendea mlango wa Mama na kuueleza mlango nia yangu.

Mama alitoka, akaweka mguu mmoja kwenye kila mizani. Mshale wa kulia uliruka. Wa kushoto ulijikongoja kidogo ukasimama.

"Zinasemaje?"

"Mama, zinasema wa kulia unafanya kazi, wa kushoto unakula bure."

Nilijuta hapo hapo. Hayo si maneno ya kumwambia mama mkwe. Lakini nikasikia kicheko, kwanza cha puani, halafu cha mabega.

"Una tabia za marehemu mkweo," akauambia ukuta.

Akaanza kuegemea kushoto polepole, macho kwenye mshale. Ukipanda, anatabasamu. Ukishuka, anaufokea. Mimi nilisimama mbali, nikamsomea tu.

Alhamisi, 19 Machi

Kushoto umeongeza bidii.

Ijumaa, 20 Machi

Kushoto umegoma. Mama anasema kila mfanyakazi ana siku yake ya mapumziko.

Jumanne, 24 Machi

Anatembea vizuri kuliko alivyokuja, na bendeji imetolewa. Ila leo alipoinuka kitini na kusimama juu ya mizani, mishale yote miwili iliyumba, naye akaishika meza na kufumba macho kama mtu anayesubiri jambo lipite.

"Mama, unasikia kizunguzungu?"

"Ni mizani zako."

Nilizikagua baadaye. Mizani ni nzima. Midomo ya Mama ilikuwa imekauka. Nikadhani ni baridi.

Jumatatu, 30 Machi

Nimegundua kitu kidogo. Nikitoka kwenda kununua skrubu, nikirudi naikuta taa ya ujia wa bafuni inawaka. Nikiwepo nyumbani, haiwaki kutwa nzima. Sijui kwa nini naliandika hili.

Jumapili, 5 Aprili

Mwenyekiti amepiga simu. Hupiga kila Jumapili na swali lake ni lile lile, "Ameanguka?", kwa sauti ya mtu anayeuliza matokeo ya mpira. Mke wangu humjibu, "Bado." Leo alikasirika na hilo jibu lake mwenyewe. "Kwa nini nasema bado? Kama vile tunasubiri!"

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua ilianza asubuhi na haikupumua. Mchana nikavaa koti ili niipeleke mizani ya bucha, maana mwenye bucha alishanichosha kwa simu. Nikauambia mlango wa Mama, "Natoka, huenda nikachelewa," nao ukaniitikia, "Haya, mkwe." Nilipofika kwenye kona nikakumbuka kwamba mawe ya kupimia nimeyaacha mezani. Nikarudi mbio, nikasukuma mlango.

Mama alikuwa ameketi sakafuni kwenye ujia, nyuma ya kiti changu cha kazi, mgongo umeegemea ukuta. Alikuwa peku. Kandambili zake alikuwa amezishika mkononi.

"Usinishike," alisema kabla sijavua koti.

"Sikushiki, Mama."

"Geuka."

Nikageuka, lakini nilikuwa nimeshaona. Sakafu ilikuwa na maji na gauni lake limeloa, na maji yale hayakuwa ya mvua. Nilisimama nikitazama mlango na nisijue la kufanya. Kumwendea ni kumvunjia heshima. Kuondoka ni kumwacha chini. Nikainua macho darini, ambako kulikuwa kukavu kabisa, nikasema, "Paa hili limeanza tena kuvuja. Nilishasema litakuja kumwangusha mtu."

Mvua ilipiga bati kwa muda mrefu.

"Linavuja sana," Mama alisema.

Nikaleta ndoo, nikaitua pale karibu naye huku nikitazama pembeni. Nikamuuliza kama amejipiga kichwa. Hapana. Nyonga? Hapana. "Goti limechubuka. Na uso sina tena." Nikamwambia apumzike kwanza, asiharakishe, halafu tufanye kama binti wa kliniki alivyofundisha.

"Kwani ulisikia?"

"Pazia lilikuwa jepesi, Mama. Lala ubavu. Sasa piga magoti, weka viganja chini. Nakuletea kiti."

Nikakisukuma kiti kwa kisigino, nikirudi kinyumenyume.

"Umekipeleka jikoni," Mama alisema.

Nikakirudisha. "Hapo?"

"Kulia. Kulia yangu, si yako. Hapo."

Nikasikia mikono ikikikamata. Nikamwambia atangulize mguu wa kulia, asukume, aje taratibu. Nilisikia pumzi, nikasikia kiti kikilia, na mwili wangu wote ukawa unataka kugeuka. Akianguka mara ya pili mbele yangu nami nimempa mgongo, nitamwambia nini mke wangu? Halafu sauti yake ikatokea juu zaidi kuliko ilipokuwa.

"Nimesimama."

Akaenda bafuni, akaoga, akabadilisha nguo. Mimi nilipiga deki. Aliporudi chumbani niliketi nje ya mlango wake na tukazungumza, mbao ikiwa katikati. Nadhani ni mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

"Kandambili ulizivua kwa nini?"

"Zinapiga kelele. Nilidhani hujafika mbali."

"Na ulikuwa unakimbia."

"Nilikuwa nimejizuia tangu asubuhi, mkwe. Wewe umeketi hapo, na choo kiko nyuma ya mgongo wako. Nikupite, nijifungie, usikie kila kitu, nitoke, nikupite tena? Huwa nasubiri utoke. Siku nyingine hutoki."

"Na maji ya jagi?"

"Dirisha si lipo?"

Maji hanywi ili asihitaji kwenda, na kwa sababu hanywi, akiinuka dunia inamzunguka. Kisha anavua kandambili na kukimbia juu ya sakafu ya saruji, kimya kimya, kabla mkwe hajarudi. Nami nimekwangua bafu zima na kufunga bomba, nimeondoa kila kitu kilichokuwa njiani mwake isipokuwa fundi na meza yake.

"Usimwambie Mwenyekiti," alisema. "Wala mke wako. Ile nyumba niliijenga na mume wangu, mkwe. Nikiondolewa kule, sitakuwa na mlango wangu wa kufunga."

Nikasema nitafikiri.

"Fikiri polepole," akasema.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimeihamishia meza kibarazani, upande wa nyuma, nikafunga turubai. Mvua inaingia kwa pembeni na vidole vinakufa ganzi, lakini huku sisikii mlango wa bafu. Mke wangu alitoka akanitazama.

"Umefukuzwa?"

"Huku kuna mwanga mzuri."

Akaitazama mbingu, nyeusi kama sufuria. "Na ile ndoo kwenye ujia?"

"Paa linavuja."

"Wapi?"

"Hapo juu ya ndoo."

Akarudi ndani bila neno. Simpendi akinyamaza.

Jioni jagi lilikuwa tupu, na chini ya dirisha la Mama, ambapo ukingo wa bati huzuia mvua, ardhi ilikuwa kavu.

Jumatatu, 13 Aprili

Taa ya ujia imewaka na kuzimika mchana kutwa. Tumefanya mazoezi na mishale imetulia. Mama ameniuliza kama kibarazani sioni baridi. Nikasema sioni. Pua yangu ikanikana hapo hapo.

Jumanne, 14 Aprili

Sina raha. Naona kama nimeshika upande mmoja wa mizani kwa kidole. Nikisema, Mama atapoteza nyumba. Nikinyamaza, siku nyingine ataanguka vibaya na daktari ataletewa mtu ambaye tumedai hajaanguka tangu Machi. Kunywa maji kumesaidia, lakini sijui kama ni maji peke yake. Mimi si daktari, na ukweli ambao daktari angeuhitaji tumeuweka ndani ya ndoo kavu.

Alhamisi, 16 Aprili

Kesho ni kliniki. Nimeuendea mlango wa Mama nikamwambia, "Mama, yule binti atauliza kama umeanguka. Mimi sitakusemea. Lakini nikiulizwa mimi, sitadanganya."

Akasema, "Kumbe una mdomo," na leo hakutoka kufanya mazoezi.

Ijumaa, 17 Aprili

Ngazi za kliniki zilikuwa zimeloa na hazina pa kushika. Mke wangu alitangulia kushika nafasi kwenye foleni. Mama alisimama chini akizitazama zile ngazi. Mimi nikasimama kando yake nikitazama viatu. Halafu nikahisi kitu kimelivuta koti langu kwenye kiwiko. Alikuwa amelikamata, koti, si mkono, na tukapanda. Hajanisemesha tangu jana.

Ndani, mtaalamu alimsifu kwa mguu wa kushoto. Kisha akachukua kalamu.

"Umeanguka tangu tulipoonana, bibi?"

Mke wangu alikuwa tayari amefungua kinywa kusema bado. Mama akamtangulia.

"Nimeanguka."

Akasimulia yote, akiuambia ukuta: maji aliyokuwa akiyamwaga, kandambili, kujizuia, ndoo. Hakuficha hata kile ambacho mimi nisingeweza kukiandika hapa kama nisingekuwa nimeshakiandika. Binti yule hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa karibu na Mama, akasema kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kama anayo, "Bibi, aliyeanguka akaniambia, naweza kumsaidia. Anayeficha, namsaidiaje?"

Alitupeleka kwa daktari. Mama akapimwa presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na ilishuka kiasi kwamba daktari aliuliza kuhusu dawa zake na kubadilisha moja. Kwa hiyo hayakuwa maji peke yake.

Tulipofika nyumbani, mke wangu alikwenda moja kwa moja kwenye ujia. Alisimama mbele ya ile ndoo.

"Wiki nzima kila nikipita hapa nalitazama dari hili! Nikasema labda mimi ndiye kipofu."

"Mwanangu, ilikuwa siri yangu," Mama alisema.

"Na wewe!" Akanigeukia. "Mume wangu mwenyewe unaniambia paa linavuja!"

"Lilikuwa linavuja," Mama alisema. "Aliona yeye na mimi."

Mke wangu alikaa chini akalia, halafu katikati ya kulia akaanza kucheka, halafu akalia tena. Mama alimshika kichwa. Mimi nikaichukua ndoo nikaenda kuiweka jikoni.

Alhamisi, 23 Aprili

Dawa mpya, siku njema. Mama anainuka kitini bila mikono huku akinisimulia habari za jirani.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua zimepungua. Mizani za zahanati nimezirudisha. Mama sasa anafanya mazoezi kwenye sinki la jikoni na hahitaji kusomewa.

Jumapili, 10 Mei

Kikao. Mwenyekiti alifika na mwavuli ingawa hakukuwa na wingu. Mke wangu alikuwa ameshamwambia kwenye simu, kwa hiyo hakukuwa na utangulizi.

"Sharti lilikuwa moja," alisema. "Mama ameanguka. Nyumba inapangishwa."

"Nimeanguka nikiwa nyumbani kwa mkwe," Mama alisema, "kwa kumkimbia mkwe. Kule kwangu hakuna mkwe."

"Kule kuna ngazi."

"Ngazi zinatengenezwa!"

"Mama, hapa si mahakamani."

"Basi funga kikao twende tukale."

Mwenyekiti hakucheka. Nilikuwa nimezoea kumwona kama mtu wa kutoa amri tu, mtu anayependa sauti yake. Lakini safari hii alijibu akitazama sakafu. "Nyinyi hamkumkuta pale kwenye ngazi. Mimi ndiye niliyemkuta. Nguo alizokimbilia kuanua zilikuwa chini yake, mvua inampiga, na sikujua amekaa pale tangu saa ngapi. Aliniambia amepumzika tu. Amepumzika! Kila nikisikia mvua namwona pale."

Mambo ya ukoo wao mimi huwa siyaingilii. Huwa naleta viti. Leo nikajikuta nimesema.

"Shemeji, naomba neno."

Wote wakanitazama, hata Mama.

"Anaweza kuanguka tena," nikasema. "Kule, hapa, popote. Tunaweza kutengeneza ngazi, kufunga pa kushika, kubadilisha taa, na yeye akafanya mazoezi na kunywa maji, na kuanguka kukapungua sana. Siwezi kukuahidi kwamba kutaisha. Lakini lile sharti halikumzuia kuanguka. Lilimzuia kusema. Alikuwa chini, na hofu yake ya kwanza haikuwa nyonga, ilikuwa wewe. Akianguka kule na sharti likiwa bado lipo, atakwambia tena kwamba amepumzika."

Nilidhani atanikalisha chini. Alizungushazungusha mwavuli mikononi.

"Unataka tuweke sharti gani?"

"Aseme. Kila akianguka, hata kama hakuumia, aseme siku hiyo hiyo. Na anayeambiwa asimtishe."

Mwenyekiti akamgeukia Mama. "Utasema kweli?"

"Ukiacha kuuliza kama refa, nitasema."

Kikao kiliendelea mpaka chakula kikapoa. Mwenyekiti alitaka ngazi zitengenezwe kwanza na yeye azikague. Alitaka Mama atembee na simu mfukoni, hata akienda uani. Mama alikubali yote isipokuwa kuwekewa msichana wa kulala naye. Hilo alisema watalijadili akiwa kikongwe. Mwenyekiti akamwambia ni kikongwe tayari. Wakaanza upya.

Jumamosi, 16 Mei

Tumemrudisha. Ngazi ya jikoni sasa ina pa kushika pande zote mbili, na kila ukingo nimeupaka mstari mweupe ili jicho liuone. Mama aliipanda na kuishuka mbele yetu, akaipanda tena bila kuombwa. Mke wangu hakutaka kuondoka. Hatimaye Mama ndiye aliyetufungulia mlango.

Jumapili, 24 Mei

Nimerudisha meza kwenye kibanda. Sebule imekuwa kubwa mno. Mke wangu anampigia Mama asubuhi na jioni. Mimi simpigii, nampa mke wangu salamu azifikishe.

Jumanne, 2 Juni

Nilikuwa kibandani na mwenye bucha, ambaye mizani yake imeharibika tena, simu ikalia. Mama hajawahi kunipigia mimi.

"Mkwe. Nimeanguka."

Nikainuka. "Uko wapi?"

"Chini. Mtu akianguka anakuwa wapi?"

"Kichwa? Nyonga?"

"Kichwa kizima. Nyonga nimeigusa, haiumi. Nimekalia makalio, samahani, mkwe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa natoka stoo na ndoo ya unga, nikajikwaa kizingiti. Unga wote uko hapa na mimi. Nimeona nikuambie kabla sijainuka."

Nikamuuliza kama kuna kiti karibu. Kilikuwepo, hatua chache. Nikamwambia aweke simu sakafuni, aiwashe sauti kubwa, asiharakishe. Mwenye bucha akaanza kusema kitu kuhusu wateja wake. Nikamwonyesha mkono anyamaze, akanyamaza. Simuni nilisikia akijivuta. Nikasikia kiti kikiburutwa kwenye saruji, na Mama akikikaripia kwa uzito wake. Halafu pumzi. Sikumwambia lolote, kwa sababu kila kitu anakijua. Pumzi, tena pumzi, kisha kimya kilichonifanya nikaze simu sikioni mpaka likauma.

"Nimesimama," akasema kutoka mbali. Kisha simu ikaokotwa. "Sasa kata, nimpigie Mwenyekiti mwenyewe. Usinitangulie."

Sikumtangulia. Nilimpigia mke wangu tu, naye akaomba ruhusa kiwandani akaenda kumwona. Ana mchubuko, hana zaidi, na unga umepona nusu. Kesho watakwenda kliniki.

Jioni Mwenyekiti alinipigia. Nilijiandaa kusikia habari ya kupangisha nyumba.

"Amekupigia wewe kwanza," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Mimi wa pili."

"Ndiyo."

Nilisikia watoto wake nyuma, na mtu akiosha vyombo.

"Hicho kizingiti cha stoo," akasema, "Baba alikiweka juu ili maji yasiingie. Tangu utoto tunakiruka. Sote tunakiruka bila kujua kama tunaruka." Akakohoa. "Jumamosi nakuja na tindo na nyundo. Wewe lete saruji."

Nikasema nitaleta. Kupangisha hakukutaja.